Mwizi, Shujaa au Chura? Kuzielewa Hadithi za Mwezi za Wachina

Kila mwaka, ifikapo Septemba au mwanzoni mwa Oktoba, picha zilezile huzunguka kwenye simu: keki nene za mviringo zenye nakshi juu, taa za karatasi, na mwanamke mwenye vazi refu akipaa kuelekea mwezini. Maswali nayo ni yaleyale. Mwaka Mpya wa Kichina si ulishapita? Wachina wanaabudu mwezi? Swali zito zaidi hutoka kwa wazazi ambao watoto wao wamezikuta hadithi hizo shuleni au kwenye katuni. Hii ni sikukuu ya familia, siku ambayo watu hufunga safari kwenda kula na wazazi wao. Inakuwaje watoto wakalishwe chini wasimuliwe habari za mke aliyemwibia mumewe dawa na kumkimbia?

Swali hilo la mwisho ndilo lenye utamu, na jibu lake ni refu. Tuanze na yaliyo mepesi.

Sikukuu yenyewe kwa Kichina huitwa Zhongqiu, yaani katikati ya majira ya mpukutiko. Kwa Kiswahili wengi wanaijua kama Sikukuu ya Mbalamwezi. Huwa siku ya 15 ya mwezi wa 8 wa kalenda ya jadi ya Wachina, mwezi unapokuwa umejaa au umebakiza kidogo sana kujaa. Mwaka Mpya wa Kichina ni jambo jingine kabisa: huo huanza mwezi unapoandama, kati ya mwishoni mwa Januari na Februari. Siku ya 15 ya mwaka huo mpya huja Sikukuu ya Taa, na kwa kuwa taa za karatasi huwashwa katika sikukuu zote mbili, picha za huku huishia kupachikwa maelezo ya kule.

Aliyezoea kalenda ya Kiislamu atashangaa: ikiwa Wachina nao wanahesabu kwa mwezi, mbona sikukuu yao haizunguki mwaka mzima kama Ramadhani? Miezi 12 ya kuandama inatoa siku 354 hivi, pungufu ya mwaka wa jua kwa siku 11. Kalenda ya Hijria huliacha pengo hilo liende zake, ndiyo maana mfungo huangukia leo kiangazi, kesho masika. Wachina huliziba kwa kuongeza mwezi wa 13, mara 7 katika kila miaka 19, ili tarehe zisiachane na msimu wa mavuno. Mwaka 2024 sikukuu ilikuwa 17 Septemba. Mwaka 2025 mwezi wa 6 ulihesabiwa mara mbili, sikukuu ikasukumwa hadi 6 Oktoba. Mwaka 2026 ni 25 Septemba. Yote hayo hupigwa hesabu miaka mingi kabla. Hakuna kusubiri shahidi wala kubishana nani ameuona mwezi na nani hajauona, mabishano ambayo sisi watu wa pwani tunayajua vizuri.

Jioni ya mbalamwezi

Chukua mji kama Guangzhou, ambao wafanyabiashara wetu wengi wanaufahamu. Jioni hiyo meza hutolewa roshanini au uani, mahali ambapo mwezi unaonekana. Juu yake kuna balungi, magimbi madogo ya kuchemsha, birika la chai na keki za mwezi. Keki moja inakaa kwenye kiganja lakini ni nzito kama jiwe: ndani imeshindiliwa mbegu za yungiyungi zilizosagwa na kukaangwa na sukari na mafuta, na katikati kuna kiini kizima cha yai la bata lililokaa kwenye chumvi. Ukiikata, kiini hicho kinaonekana kama mwezi mdogo wa manjano. Hakuna mwenye akili anayekula keki nzima peke yake. Hukatwa vipande vinne, sita au vinane, kila mtu akapata chake na chai ya kukata utamu.

Watoto huwa wanazunguka na taa, wengine wamejivika ganda la balungi kichwani kama kofia. Mmoja wao akinyoosha kidole kuuonyesha mwezi, bibi huwahi kukikunja kidole hicho. Usiunyooshee mwezi kidole, humwambia, utakuja usiku ukukate sikio. Onyo hili limeenea sana kusini mwa China na Taiwan, na watu wazima waliolelewa nalo wanakiri kwamba mpaka leo mkono husita. Mtoto akishatishwa hivyo lazima aulize: kwani huko juu yuko nani?

Jibu linategemea bibi ni yupi.

Mke, mume na dawa

Mifupa ya hadithi kuu ni hii. Hapo kale majua yalikuwa kumi, ndugu wa tumbo moja, watoto wa mungu wa kike Xihe. Walikaa kwenye mti mkubwa uitwao Fusang na kutoka kwa zamu, mmoja kila siku. Siku moja wakatoka wote kwa pamoja. Mito ikakauka, mazao yakaungua, watu wakaanza kufa. Mpiga upinde aitwaye Hou Yi akapanda mahali pa juu akayatungua tisa, akaliacha moja. Baadaye akapata kwa Malkia Mama wa Magharibi, anayekaa Mlima Kunlun, dawa ya kutokufa. Mkewe, Chang'e, akainywa. Mwili ukawa mwepesi, akaelea, akapaa mpaka mwezini, na hakurudi.

Mpaka hapo wasimuliaji hawagombani sana. Vurugu huanza mtoto anapouliza: aliinywa kwa nini?

Katika Huainanzi, kitabu cha karne ya 2 kabla ya Kristo, jibu ni kavu: mume aliomba dawa, mke akaiiba, akakimbilia mwezini. Hakuna kumtetea. Karne tatu hivi baadaye mwanazuoni Zhang Heng akaandika kwamba alipofika huko aligeuka chura. Zhang Heng huyohuyo ndiye aliyeeleza kwamba mwezi hauna mwanga wake, unarudisha tu mwanga wa jua. Kalamu moja iliandika yote mawili na haikuona shida, jambo linalofaa kukumbukwa na wanaodhani hadithi na elimu haziwezi kukaa kichwa kimoja. Katika karne ya 9 mshairi Li Shangyin hakumlaani wala kumtakasa. Alimwona usiku baada ya usiku juu ya bahari ya buluu, akijutia alichokiiba.

Kisha kuna masimulizi ambayo watoto wa leo huyapata zaidi, kwenye vitabu vya picha na katuni. Humo Hou Yi ana mwanafunzi mbaya aitwaye Pang Meng. Siku mwalimu akiwa hayupo, Pang Meng anaingia ndani na upanga aichukue dawa. Chang'e hana la kufanya, anaimeza yeye ili isiangukie mikononi mwa mwovu. Akaishia mwezini, mahali pa karibu zaidi na dunia, ili asiwe mbali na mumewe. Katika masimulizi mengine mwovu ni Hou Yi mwenyewe: baada ya ushindi amekuwa mfalme dhalimu, na mke anainywa dawa ili watu wasitawaliwe naye milele.

Yapi ndiyo ya kweli? Swali hilo halina pa kushika. Hadithi hii ni kama nyumba ya ukoo: babu alijenga chumba na ukumbi, baba akaongeza kibanda cha jiko, wajukuu wakaweka bati jipya na vigae. Wote wanaiita nyumba ileile, na wote wana haki. Aliye mwizi ni Chang'e wa chumba cha kwanza. Aliye shujaa ni wa bati jipya.

Mimi binafsi naona haya ya Pang Meng yamelainishwa kupita kiasi. Mtoto wa miaka tisa ataliona pengo mara moja: kama shida ilikuwa mwizi asiipate, mbona hakuimwaga? Toleo la kale halina pengo hilo. Mtu aliona dawa ya kuishi milele, akaitamani, akaipata, na alichopata pamoja nayo ni upweke usioisha. Kasri lake huko mwezini huitwa Guanghan, maana yake ubaridi mkubwa. Mtoto anaielewa tamaa kuliko tunavyofikiri.

Kutengana siku ya kukutana

Sasa turudi kwenye lile swali la wazazi. Kwanza, sikukuu na hadithi havikuzaliwa pamoja. Wafalme wa China walikuwa wakitoa sadaka kwa mwezi majira ya mpukutiko tangu zamani sana. Huko Beijing lipo hadi leo Hekalu la Mwezi, Yuetan, lililojengwa mwaka 1530, ambalo siku hizi ni bustani ya umma. Wakulima nao walikuwa na furaha yao ya mavuno. Sikukuu ya watu wote ya siku ya 15 ya mwezi wa 8 ilikuja kushika mizizi enzi ya Song, kati ya mwaka 960 na 1279. Wakati huo hadithi ya Chang'e ilikuwa na umri wa zaidi ya miaka elfu moja. Ule mwisho ambao watoto huambiwa, kwamba Hou Yi alimkosa mkewe akaweka uani matunda aliyoyapenda, na majirani wakaiga, umeungwa baadaye ili vitu viwili vishikane.

Lakini vimeshikana vizuri, na sababu yake naiona hivi. Siku ya kukutana ndiyo siku ambayo asiyekuwepo huonekana zaidi. Kila meza ina kiti kisicho na mtu: mwana aliyekwenda kutafuta kazi mji wa mbali, binti aliye ng'ambo, babu aliyefariki. Mwaka 1076, usiku huohuo wa sikukuu, mshairi Su Shi alikuwa hajamwona mdogo wake Su Zhe kwa miaka kadhaa. Alikunywa mpaka alfajiri, akaandika shairi ambalo karibu kila Mchina aliyesoma analijua kwa moyo, akimalizia kwa dua kwamba watu waishi maisha marefu na wautazame mwezi mmoja hata wakiwa mbali maelfu ya maili. Dua hiyo sasa huandikwa kwenye kadi na kwenye makasha ya keki.

Nchini China mamilioni ya watoto wa vijijini hulelewa na bibi na babu kwa sababu wazazi wamo viwandani mijini. Kwa mtoto kama huyo, hadithi ya watu wawili wanaopendana, mmoja juu na mmoja chini, haihitaji maelezo. Anampigia mama simu ya video, wote wawili wanatoka nje, wanautazama mwezi. Zoezi hilo lina kikomo chake, kwa kweli: Guangzhou ikiwa saa mbili usiku, Dar es Salaam ni saa tisa alasiri na jua linawaka. Aliye huku asubiri kidogo.

Sungura na kinu chake

Kwa watoto wadogo, waanzie kwa sungura. Huyu ni Sungura wa Jade, Yutu, na kazi yake inaeleweka bila tafsiri katika nyumba yoyote yenye kinu na mchi: anatwanga. Anachotwanga ni dawa ya kutokufa. Ukivuka kwenda Japani au Korea utamkuta sungura yuleyule na kinu kilekile, ila huko anatwanga mchele wa kutengenezea vitafunio.

Ni mkongwe kweli. Mwaka 1972 wachimbaji wa mambo ya kale walifungua kaburi la mwanamke wa tabaka la juu huko Mawangdui, mjini Changsha, la karne ya 2 kabla ya Kristo. Juu ya jeneza kulikuwa na pazia la hariri lililochorwa: upande mmoja jua lenye kunguru ndani yake, upande wa pili mwezi mwembamba wenye chura na sungura. Kwa hiyo wanaosema sungura aliletwa China na Ubuddha kutoka India wamekosea kwa sehemu. Kutoka India ilikuja hadithi moja nzuri juu yake. Wazee watatu wa mbinguni walijigeuza maskini wakaomba chakula kwa wanyama. Mbweha alileta alichonacho, nyani vilevile. Sungura, aliyekuwa na majani tu, alijitupa motoni ili wamle. Wakamwokoa wakampeleka mwezini. Watoto wa kwetu, waliomzoea sungura mjanja anayemtapeli fisi, huona ajabu kumkuta sungura mwenye tabia hii.

Beijing wana wao, Tu'er Ye, Bwana Sungura. Husimuliwa kwamba tauni ilipouingia mji, sungura alishuka kutibu watu nyumba kwa nyumba. Alikataa malipo, akaazima nguo tu: hapa kaonekana kama muuza mafuta, pale kama mwanamke, na mara nyingine kavaa deraya aliyoiazima hekaluni. Ndiyo maana vinyago vyake vya udongo, vinavyouzwa hadi leo kwa watoto, humwonyesha kavaa kijenerali, masikio yamesimama, kapanda chui milia. Sijui mwanasesere mwingine wa sikukuu mwenye sababu nzuri namna hiyo ya kuvaa kijeshi.

Na sungura anaonekana kwa macho, si maneno matupu. Madoa meusi ya mwezi ni tambarare za lava iliyoganda mabilioni ya miaka iliyopita. Doa linaloitwa Bahari ya Utulivu ndilo kichwa chake. Madoa mawili yanayotoka hapo ni masikio. Anayetazama kutoka karibu na ikweta asitegemee kumwona amekaa wima kama kwenye picha za China, maana sura ya mwezi hulala tofauti kulingana na mahali ulipo duniani. Uinamishe kichwa, mwonyeshe mtoto masikio kwanza, mengine atayamalizia mwenyewe. Chombo cha Marekani, Apollo 11, kilitua palepale kwenye kichwa hicho tarehe 20 Julai 1969, na kabla ya kutua, waongozaji wa Houston waliwatania wanaanga waangalie kama watamwona msichana wa Kichina na sungura wake. Mwanaanga mmoja akajibu kwamba watakaa macho.

Yupo pia Wu Gang, ambaye habari zake ziliandikwa na Duan Chengshi katika karne ya 9. Alikosea alipokuwa akijifunza njia ya kutokufa, akaadhibiwa kukata mti mkubwa wa guihua, wenye maua madogo ya manjano yanayonukia. Kila shoka likichomoka, jeraha la mti linafunga. Watoto hucheka. Wazazi walioosha vyombo jioni nzima huwa hawacheki sana.

Yanayosemwa na yasiyo hivyo

Je, ni ibada? Zamani, ndiyo. Familia ziliwasha ubani na kuweka sadaka mbele ya mwezi, na wanawake ndio walioongoza. Kuna msemo wa kale kwamba mwanamume hausujudii mwezi na mwanamke hatambikii mungu wa jiko. Wapo wanaowasha ubani hadi leo. Lakini kwa familia nyingi za mijini kilichobaki ni chakula, mapumziko na hadithi. Serikali iliifanya kuwa siku ya mapumziko ya kitaifa mwaka 2008. Mzazi Mwislamu au Mkristo anayehofu kwamba mtoto kusikiliza habari za Chang'e ni kushiriki ibada ana tofauti moja ya kuzingatia: kuchoma ubani ni kitendo, kusikiliza hadithi ni kusikiliza hadithi. Kuhusu keki aulize tu viungo, kwa sababu baadhi hutengenezwa na mafuta ya nguruwe.

Je, keki ziliwahi kuangusha dola? Husemwa kwamba Wachina waliotaka kuwaondoa watawala wa Kimongolia walificha barua ndani ya keki: inukeni usiku wa siku ya 15. Ni kweli kwamba Zhu Yuanzhang aliwashinda Wamongolia akaanzisha enzi ya Ming mwaka 1368. Barua ndani ya keki, hata hivyo, hazimo katika kumbukumbu za wakati huo, na wanahistoria wanaichukulia kuwa ngano. Msimulie mtoto kwa raha zako, ila usimwandikie kwenye daftari la historia.

Kosa la tatu ni la wasimuliaji wa mtandaoni: kumchanganya Chang'e na binti mfumaji anayekutana na mchunga ng'ombe wake mara moja kwa mwaka juu ya daraja la ndege. Hao ni wapenzi wa nyota, sikukuu yao ni siku ya 7 ya mwezi wa 7.

Lililoongezeka karibuni kwenye nyumba hii ya ukoo ni chumba cha wahandisi. Vyombo vya China vya kwenda mwezini vimepewa jina la Chang'e, na mwaka 2024 cha sita kilileta udongo wa kwanza kutoka upande wa mwezi ambao hauonekani kutoka duniani. Chombo cha tatu, mwaka 2013, kilishusha kigari ambacho jina lake lilichaguliwa kwa kura za watu mtandaoni: Yutu. Cha nne kikashusha Yutu wa pili mwaka 2019. Kwa hiyo mtoto akiuliza kama kweli kuna sungura mwezini, mzazi wa leo ana jibu ambalo bibi yake hakuwa nalo: wapo wawili, mmoja upande huu na mmoja upande wa nyuma, na kila mmoja ana magurudumu sita.